Dada, hicho si jipu la kukamuliwa

Leicester, Uingereza, Jumapili usiku

Dada Zuhura, shikamoo.

Picha ya kichwa cha Baba nimeipata, nimeikuza kwenye simu mpaka macho yameniuma. Miezi miwili, Dada! Miezi miwili uvimbe upo na mimi nausikia leo, tena kwa kuwa Baba Mdogo anataka laki sita ampeleke Baba kwa mtaalamu wake Bagamoyo. Ungenipigia hata usiku wa manane.

Laki sita sitoi. Nimetuma laki nne kwenye namba yako, si yake, na ni za vipimo. Hao wa zahanati waliosema jipu wamekosea. Jipu linauma, lina joto, linaiva. Kinundu hiki kigumu, hakiumi, na kingine kimeanza begani. Baba alikatwa utumbo mpana kwa saratani mwaka jana tu! Saratani ile hukimbilia ini na mapafu. Kwenye ngozi hufika mara chache, na ikifika hutokeza zaidi tumboni, kwenye kovu la operesheni au kitovuni. Kichwani ni nadra mno, ndiyo maana watu hupitiwa. Lakini damu huibeba popote, na mara nyingi hujitokeza ndani ya miaka miwili baada ya upasuaji.

Najua ninachosema. Mwambie Baba nimefaulu mtihani, nimesajiliwa muuguzi kamili. Binti yake wa Mtoni ndiye anayeshika funguo za dawa wodini.

Kesho mpeleke Ocean Road, hospitali ya saratani. Beba majibu ya zamani, yale ya bahasha ya kaki kabatini kwa Mama. Wakate kipande kidogo cha kinundu wapime, walinganishe na kile cha utumbo, wamtazame na ini na mapafu. Mtu asikikamue, wala asibandike majani. Sitakuficha: saratani ikishafika kwenye ngozi, huwa imeenda mbali. Ila dawa za dripu zipo, na mionzi ya kukituliza kikianza kutoa damu.

Mimi mzima, baridi tu. Jana nimenunua samaki wa barafu, nikamkumbuka Baba akitoka sokoni Feri na changu wake kwenye gazeti, anatuita tangu barabarani. Nililia jikoni.

Ile kofia yake nyeupe itakuwa inambana kinundu. Mvalishe ile pana niliyomletea sikukuu ya Idi. Majibu yakitoka nipigie saa yoyote.

Mdogo wako,
Mwanaidi