Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Padre Gombera, mkuu wa seminari yetu,
Mapadre na masista, walimu, wazazi na walezi wetu,
Waseminari wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Tumsifu Yesu Kristo!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu na kupanda huku mlimani asubuhi na mapema. Tunajua risala ya mahafali huanza na historia ya shule, idadi ya wanafunzi na ufaulu wa miaka iliyopita. Hayo yote yamo kwenye bahasha uliyokabidhiwa pale mapokezi. Tumemwomba Padre Gombera ruhusa, naye ametukubalia, dakika zetu tuzitumie kumzungumzia mtu mmoja: mwalimu wetu wa fizikia na kemia, ambaye anastaafu mwezi Desemba.

Yeye mwenyewe ametusihi tusimtaje jina. Basi tutamwita kama tunavyomwita bwenini, Mwalimu Ferrum.

Jina hilo lina kisa chake. Kipindi cha kwanza cha kemia, kidato cha kwanza, aliingia bila kusalimu akaandika ubaoni Fe. Akauliza hiyo ni nini. Darasa zima: chuma! Akauliza, kwa nini? Mwenzetu mmoja akasimama na kujibu kwamba ni kifupi cha Kiingereza. Mwalimu akamwambia, Kiingereza chuma ni iron, hiyo F umeiokota wapi? Kimya. Hakutupa jibu. Alisema tukamuulize Padre wa Kilatini, na kesho yake tulipoingia kipindi cha Kilatini tulimkuta Mwalimu ameketi dawati la nyuma, daftari jipya mbele yake, miwani puani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ulisoma seminari na unajua Kilatini kinavyotutoa jasho. Wengi wetu tulikiona ni mzigo wa kubebeshwa tu. Lakini muhula ule tulijifunza kwamba chuma ni ferrum, dhahabu aurum, fedha argentum, na ile K ya potasiamu iliyotusumbua kwenye jedwali la elementi ni kalium. Tulijifunza pia kwamba risasi ni plumbum, na kwamba Waingereza humwita fundi bomba plumber kwa sababu Warumi walipitisha maji kwenye mabomba ya risasi. Mwalimu alifanya mtihani wa muhula pamoja nasi. Alipata 38. Padre alibandika matokeo ubaoni bila kumwonea haya, na Mwalimu akayasoma akiwa amesimama katikati yetu, akacheka mpaka akavua miwani.

Kwao ni Mufindi, mtoto wa fundi redio. Anasema alijua kushika bisibisi kabla ya kushika kalamu. Kabla ya kuja hapa alifundisha miaka kumi na mmoja katika shule ya kata isiyokuwa na maabara, wala bomba la maji. Huko alipasua betri kuukuu za tochi akatoa vijiti vyake vya kaboni kufanyia elektrolisisi, yaani kutenganisha kemikali kwa umeme. Kiashiria cha asidi na besi alikipata kwenye choya, hii hii tunayokunywa sikukuu. Sisi maabara tunayo, lakini bado yeye huja na chupa yake ya choya. Humimina kidogo kwenye glasi, nyekundu kama divai, kisha hudondoshea maji ya majivu kutoka jikoni. Wekundu unafifia, unapita zambarau, unaishia kijani kama maji ya mchicha. Hapo hasemi kitu. Anageuka na kutuangalia, nasi tunaandika. Sheria yake ni moja tu: andika ulichokiona, usiandike unachojua kinatakiwa.

Sheria hiyo ilitutesa mwaka jana tulipofika kwa Mpemba. Wageni wetu wengi wanamfahamu Erasto Mpemba, yule kijana aliyekuwa akisoma sekondari ya Magamba mwaka 1963 akagandisha aiskrimu ya moto na kuona inawahi kuganda kuliko ya wenzake. Alichekwa. Mwalimu wake alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, hapa hapa Iringa, alimuuliza Profesa Denis Osborne aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, akachekwa tena na wenzake, lakini profesa akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Sasa sisi tukaomba friji la Sista wa jikoni. Tulijaribu mara tano. Mara mbili maji ya moto yalitangulia, mara tatu ya baridi. Tulitaka sana, kwa heshima ya Mtanzania mwenzetu, tuandike tano kwa tano. Mwalimu alitukatalia. Alisema hata wataalamu bado wanabishana juu ya jambo hilo, na kwamba Mpemba hakupata sifa kwa kuandika alichotakiwa kukiona.

Lakini linalotufanya tusimame hapa hasa ni fimbo ile mliyoipita uwanja wa paredi. Padre wa Kilatini alitusimulia habari za Eratosthenes, Mgiriki wa maktaba ya Alexandria, aliyeipima dunia kwa kivuli zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alijua kwamba Syene, ambayo leo ni Aswan, siku moja kwa mwaka jua husimama utosini na kumulika kisima hadi chini, wakati Alexandria vitu vina kivuli. Mwalimu akasema: kwetu jua la utosi linapita mara mbili, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Februari tulikesha na mawingu, hatukuona kitu. Oktoba mwaka jana mbingu ilikuwa nyeupe. Mwalimu alikuwa amempigia rafiki yake anayefundisha Dodoma, karibu kaskazini kabisa ya hapa. Kwetu kivuli kilipotea. Kwao, fimbo ya mita moja ilitoa kivuli cha sentimita 2.8, yaani pembe ya nyuzi 1.6.

Tukakokotoa. Nyuzi 360 gawa kwa 1.6, mara umbali wa Dodoma. Tukapata dunia yenye mzingo wa kilomita 58,500. Tulishangilia! Mwalimu akauliza umbali tumeutoa wapi. Tukasema kwa kondakta wa basi, kilomita 260. Akatupa ramani na rula. Barabara inapinda, jamani, kivuli hakipandi basi. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 177, na dunia ikarudi kwenye kilomita 39,825. Vitabu vinasema 40,000 na kidogo. Daftari lenye kosa letu la kwanza lipo maabara, amekataza lisifutwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukosi maombi. Bureti zetu, ile mirija ya kupimia vimiminika, zinazofanya kazi ni nne, na tunazigombea wanafunzi sita sita. Gesi ya maabara huisha kabla ya muhula. Na tunakuomba sana utusemee apatikane mwalimu wa kushika nafasi hii kabla Januari haijafika, maana wadogo zetu wa kidato cha pili wameshaanza kuuliza. Zawadi yetu kwa Mwalimu ni ndogo: kamusi ya Kilatini, kwa sababu ya zile 38.

Ombi la mwisho halina gharama. Sasa hivi inakaribia saa 6 na robo. Kwa hesabu za Mwalimu, saa 6 na dakika 23 jua litakuwa utosini, na kivuli cha fimbo hakitazidi upana wa kidole. Tunakuomba, kabla ya kutoa vyeti, utoke nasi uwanjani ukaone. Mwalimu ameshatangulia, na daftari la kuandikia lipo.

Tunaomba kuwasilisha.