Shukrani kwa mzee wa Vradeto

Namshukuru hadharani mzee mmoja wa Vradeto, kijiji cha milima ya Zagori, Ugiriki, eneo lililoingia Urithi wa Dunia mwaka 2023. Nikishuka ngazi ya mawe kuelekea Kapesovo, niliteguka kifundo cha mguu na ukungu ukafunga njia. Mzee alinifunga mguu kwa skafu yake, akabeba begi langu, akanitangulia akigonga kila jiwe kwa fimbo kabla sijalikanyaga. Tulipopumzika alinisimulia, kwa Kigiriki chepesi nilichokielewa, kwamba kabla ya barabara kufika miaka ya 1970, wagonjwa na mizigo yote ilipita ngazi hiyo. Fedha alikataa. Mnaopanda huko, mkimkuta mtu ameketi njiani, mjulieni hali. Mzee wangu, mguu umepona. Mungu akuzidishie.