Risala ya kamati ya wazazi kwa mgeni rasmi, siku ya mahafali

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shule, mkuu wa shule na walimu wako wote, viongozi wa dini na wa kijiji, wazazi wenzangu, na nyie vijana mnaohitimu leo, asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa zangu shikamooni. Itifaki imezingatiwa, kama kuna niliyemruka anisamehe tu mana jua linapanda na turubai lenyewe ni moja.

Mheshimiwa, kwanza kabisa tunakushukuru kwa kukubali kuja, yaani tumeliona gari lako linaingia likiwa jekundu kwa vumbi na tunaamini ulivyotoka nalo nyumbani lilikuwa jeupe. Barabara hiyo sio ombi letu la leo, tumekutajia tu ili ujue tumethamini.

Historia ya shule ni fupi. Ilianza kwa nguvu za wananchi, tofali tumefyatua wenyewe, kina mama wamebeba maji ya kujengea, madarasa mawili yakawa manne yakawa nane, serikali ikatuunga mkono kwa mabati, na hapa tulipo ndo hapa. Mengine yapo kwenye risala za miaka iliyopita, na zile zilisomwa zote mpaka mwisho.

Mafanikio ni mengi sana mheshimiwa. Shule yetu ndo inaongoza kata nzima kwa ushonaji (ni kweli ndo shule pekee ya kata yenye cherehani, ila kuongoza ni kuongoza). Timu ya mpira ilifika nusu fainali ya umitashumta ya hapa hapa kwetu, samahani, umiseta, ile michezo ya sekondari, nimezoea ya primary. Milango ya vyoo vya wasichana imetengenezwa na wanafunzi wetu wa useremala na inafungika kwa ndani. Utoro umepungua tangu tuanze uji, na siku ukiwa na sukari unapungua zaidi.

Sasa mheshimiwa naomba nije kwenye lenyewe.

Kama unavyojua, mitaala mipya imeanza Januari 2024, ile ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, na mtoto akiingia kidato cha kwanza anakuta mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Huyu wa amali anachagua fani hapo hapo akiwa na miaka kumi na tatu kumi na nne, anasoma Hesabu na Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili kama wenzake, na huku anajifunza kazi ya mikono. Mambo ya kuunganisha shule na kazi sio mageni nchi hii, Mwalimu alishatuambia Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, sema sisi wazazi wengi tulikuja kuielewa kama kulima bustani ya mwalimu. Kwahiyo amali ilivyoletwa hapa kwetu mwaka 2025 kazi ya kwanza ilikuwa kuwabadilisha wazazi. Kuna mzee mmoja, leo yupo hapa simtaji, alikuja na barua ya mtoto mkononi akasema mimi nimemleta awe daktari nyie mnampa randa? Tukakaa nae. Tukamwambia mzee wetu, huyu mtoto hajafeli na hapa sio gereji, kuna watoto wa mjini wanamaliza form four ndo wanaanza kutafuta chuo cha ufundi na ada juu, wa kwako anaanza leo na akitoka hapa ana kitu mkononi. Akaelewa. Mtoto akachagua umeme wa majumbani.

Na hapo ndo tatizo letu lilipo mheshimiwa. Fomu ya kuchagua ina fani tatu: umeme wa majumbani, useremala na ushonaji. Watoto wengi wamechagua umeme, wakiwemo wasichana, mana wanaona huko mtaani kila nyumba inavutiwa waya na fundi anaitwa kutoka mbali. Karakana ipo, nzuri, ina mabati na madirisha, ukutani soketi na swichi zimefungwa zote, hata sakiti breka ipo.

Umeme haupo.

Mtoto amechagua umeme, anafundishiwa umeme, kwenye karakana isiyo na umeme. Tunaomba radhi kwa kulisema hivi mbele ya wageni ila hatukupata namna nyingine ya kulisema. Mwalimu wa fani ni kijana mwenye moyo, anafungua betri ya pikipiki yake anawasha nayo kabalbu kadogo ili waone kitu kikiwaka, tunamshukuru sana, lakini nyumba za watu zinatumia volti 230 na ile betri ni volti 12, huyu mtoto siku akipanda kwenye dari la mtu kwa mara ya kwanza tutamwombea wote. Useremala nao mashine ya kuranda imefunikwa turubai tangu ifike, wanaranda kwa mkono. Kinachokwenda vizuri ni ushonaji kwa sababu cherehani ni za miguu. Matokeo yake mheshimiwa, muhula uliopita watoto kumi na moja wameandika barua wanaomba kuhama fani waende ushonaji, na mmoja kwenye sababu ameandika "kule vitu vinafanya kazi". Hatuidharau kazi ya kushona, ila huyo hakuchagua, amekimbia.

Umeme wenyewe hauko mbali. Pale njia panda kwenye mashine ya kusaga umefika, tena wa fezi tatu, kutoka pale mpaka karakana ni kama mita 300, tumeambiwa nguzo sita. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, Mungu amzidishie, alisimama hapo hapo uliposimama wewe akaahidi nguzo zote sita, tukapiga vigelegele mpaka mama mmoja sauti ikakauka. Zikaja mbili. Zipo pale chini ya mwembe, ukigeuka kidogo kushoto utaziona, wanafunzi wanakalia wakati wa uji. Mgeni rasmi wa mwaka jana tukamsomea risala hii hii, akasikitika sana, akaahidi nne zilizobaki ndani ya wiki mbili, baada ya mwezi tukaletewa jezi. Jezi ni nzuri, tunashukuru, na ndo zilitufikisha nusu fainali, lakini mheshimiwa tuliomba nguzo.

Karatasi ya makadirio ya kuunganishiwa tulishapewa ikaisha muda wake tukiwa tunasubiri, tukaomba nyingine. Sisi kama wazazi hatujakaa tu, mashimo yote sita tumeshachimba, tena mawili tumechimba mara ya pili mana mvua iliyafukia, na mbuzi wa mtu ametumbukia kwenye moja tukamlipa.

Kwahiyo ombi letu leo ni moja tu, hatuna la pili. Nguzo nne, waya, mita na malipo ya kuunganisha. Computer hatuombi, zitakaa kwenye boksi. Usafiri wa walimu hatuombi. Mkuu wa shule alitaka niongeze uzio ila nimemwomba uzio usubiri.

Zawadi yetu kwako ni stuli hii ya mninga, imetengenezwa na watoto wa useremala kwa msumeno wa mkono na patasi, mguu mmoja umepungua kidogo ukiiweka kwenye sakafu ya sementi utaisikia, mashine ikiwaka tutakutengenezea nyingine.

Mwisho mheshimiwa, hapo mezani mbele yako kuna daftari la ahadi. Ukurasa wa kwanza na wa pili umeshaandikwa na wenzako, wa tatu tumekuachia, kalamu ipo ndani, na tunaomba safari hii pembeni ya ahadi kuwe na tarehe na namba ya simu inayopokelewa.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kamati ya wazazi