Shukrani kwa kaka wa bodaboda njia ya Matema

Jamani naomba nimshukuru mtu hapa mbele yenu maana jina hakuacha. Tulitoka Mbeya na familia kwenda Matema kula upepo wa Ziwa Nyasa, tukachepuka Kiwira kuona Daraja la Mungu, Tukuyu tukanunua ndizi, raha tupu, sasa tumeshaipita Ipinda gari ikachemsha, hozipaipu ya rejeta imepasuka, watoto wanalia na jua la Kyela mnalijua lenyewe.

Akatokea kaka mmoja na bodaboda, tena kapakia abiria, akamwambia subiri kidogo mama (na yule mama akakubali, naye ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa). Akatuzuia kufungua mfuniko mpaka rejeta ipoe, akakata ile ncha iliyopasuka, akavuta paipu ikafika, akaikaza na klipu ile ile halafu akazungushia mpira wa tyubu aliokuwa nao chini ya siti. Akachukua dumu letu akaenda kuchota maji mtoni, akajaza taratibu. Akampeleka mama wa watu, akarudi, akatufuata nyuma mpaka tukauona mchanga wa Matema na milima ya Livingstone ilivyoshuka hadi majini. Hela kakataa, kachukua ndizi mbili tu.

Watoto wakaogelea, kesho yake tukapanda mtumbwi hadi Ikombe kwa Wakisi kununua vyungu. Nyie mnaoenda huko wekeni mpira wa tyubu na dumu la maji kwenye buti, na mkikuta mtu kakwama simameni. Kaka, chungu kimoja ni chako, ukisoma hapa nitafute.