Masweta ya Januari: leteni vipimo sasa, uzi tuachieni sisi

"Fundi, mmenibadilishia uzi."

Kila Januari maneno haya huingia dukani pamoja na sweta lililokunjwa ndani ya mfuko. Ukilitoa ukalishika kwenye mwanga wa jua, kweli unaona: mwili una bluu yake, mkono wa kushoto una bluu nyingine. Ukiuliza uzi ulikotoka, jibu halibadiliki. Mteja alinunua koni mbili mwezi wa kumi na moja, ukapungua, ya tatu akaitafuta wiki ya Krismasi kwa muuzaji mwingine, akatuletea tumalizie mkono. Hakuna aliyebadilisha kitu. Nyuzi zilitofautiana tangu dukani, ila chini ya taa ya duka hazikuonekana.

Kwa kuwa sasa ndiyo wakati wa kupanga masweta ya mwaka mpya, tulieleze hili jambo mara moja, na mengine yanayolizunguka.

Kiwandani uzi hautiwi rangi wote kwa pamoja. Hutiwa kwa mafungu, na kila fungu hupewa namba ya loti. Namba hiyo imo kwenye lebo, mara nyingi ndani ya tundu la koni, mahali ambapo mnunuzi haangalii. Koni mbili zinaweza kuwa za kiwanda kimoja, jina moja la rangi, hata namba moja ya rangi, na bado zisifanane kwa sababu loti ni mbili. Jina la rangi ndilo halisaidii kabisa. Ukisema "damu ya mzee" kwa wauzaji watatu utaletewa rangi tatu: moja inaelekea zambarau, nyingine kahawia, nyingine ni nyekundu iliyokolea tu. Bluu ya shule ndiyo mbaya zaidi, maana ukiona koni moja moja zote unaona ni nyeusi-nyeusi, na tofauti inajitokeza vipande vikishaungwa.

Asiyetaka kutuachia kazi ya kununua uzi afanye hivi. Chukua kipande cha boksi nyeupe, zungushia uzi wa koni ya kwanza mara kumi, kisha wa koni ya pili mara kumi, mizunguko ikigusana. Toka nje mchana. Ukiona mpaka kati ya nyuzi hizo, hata mdogo kiasi gani, kwenye sweta utaonekana mara kumi. Usipimie ndani, na usipimie jioni.

Loti zikishachanganyika, dawa ipo ila ina gharama. Tunafuma safu mbili kwa koni hii, safu mbili kwa koni ile, mwili mzima, hadi jicho lishindwe kuona mpaka. Kipande cha mgongo chenye safu 200 kinadai kubadilisha uzi mara 100, na kila badiliko likikazwa vibaya pembeni panakunjamana. Ndiyo maana kazi hiyo tunaitoza zaidi. Njia nyepesi ni kuutenga uzi usiofanana kwa ajili ya ribu tu, yaani ule ukingo unaovutika kiunoni, mikononi na shingoni. Hapo jicho huamini kwamba ilikusudiwa.

Basi uzi kiasi gani? Sweta la mikono mirefu la mtoto wa miaka sita au saba hula gramu 200 hadi 220 za akriliki (uzi wa kutengenezwa kiwandani, si sufu) ya unene wa kawaida wa shule. La mwanafunzi wa darasa la sita au la saba, gramu 280 hivi. La kidato cha tatu na kuendelea, gramu 380, na kijana mwenye mwili mkubwa anafika 450 au zaidi. Mikono peke yake ni karibu theluthi ya uzi wote, kwa hiyo sweta lisilo na mikono hupungua kwa kiasi hicho. Juu ya hesabu yoyote ongeza asilimia 8 hadi 10, kwa sababu kuna kipande cha majaribio, kuna uzi wa kuungia, na kuna vipande vinavyoanguka kwenye sindano vikafumuliwa.

Mwalimu anayepanga kwa shule nzima apige hesabu hivyo hivyo. Masweta 120, tuseme madogo 40 kwa gramu 220, ya kati 50 kwa gramu 280, makubwa 30 kwa gramu 380: ni kilo 34.2. Ukiongeza asilimia 8 unapata kilo 37. Kilo hizo 37 zinunuliwe siku moja, loti moja. Ukinunua 20 leo na 17 ada zikishaingia, umekwisha kutengeneza shule ya rangi mbili. Mistari ya shingoni ni hesabu nyingine: mistari miwili ya njano inakula gramu 10 hadi 15 tu kwa sweta, lakini koni haiuzwi kwa gramu. Nyeupe, njano, nyekundu na bluu ya mbingu huwa tunazo. Rangi isiyo ya kawaida kwa sweta moja, itabidi ulipie koni.

Sasa vipimo. "Ana miaka kumi" si kipimo. Wala "analingana na huyu mdogo wako hapa." Tunahitaji vitatu kwa futi kamba: mzunguko wa kifua (chini ya kwapa, juu ya shati la shule), urefu kutoka mfupa wa nyuma ya shingo hadi mahali sweta litakapoishia, na urefu wa mkono kutoka mfupa huo huo wa shingo, kupitia begani, hadi kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Hicho cha tatu ndicho watu hukosea. Wanapima kutoka begani, lakini bega la sweta halikai pale bega la mtoto lilipo. Njia rahisi kuliko zote ni kuleta sweta la zamani linalomkaa vizuri. Likimbana pia lete, mradi utuambie linapombana.

Kifua kikiwa sentimita 72, tunaongeza 8 za kupumulia, inakuwa 80. Kipande cha mbele 40, cha nyuma 40. Hapo ndipo kipande cha majaribio kinapofanya kazi yake. Tunafuma mraba, tunautoa kwenye mashine ya kufumia, tunauacha ulale usiku mzima, maana uzi ukitoka kwenye uzito wa mashine huwa umenyooshwa, na ukipimwa palepale hudanganya. Asubuhi tunahesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Vikiwa 28, kipande cha sentimita 40 kinataka vitanzi 112, na viwili vya mshono, jumla 114. Vikiwa 26 halafu fundi akaanzisha 114 kwa mazoea, kila kipande kinatoka na sentimita 43, na sweta zima linakuwa 86 badala ya 80. Vikiwa 30, linabana: sentimita 74 na ushee. Vitanzi viwili tu kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja, na sweta limehama saizi.

Na majaribio ni kwa kila rangi. Uzi uliokolea rangi hushikana na ndoano za sindano tofauti na uzi mweupe, hata ukitoka kiwanda kimoja. Kwa hiyo mteja akituambia "yule wa jana mmeshampimia uzi kama huu, acheni kupoteza muda," tunamsikia, na bado tunafuma mraba.

Kuna ombi la kila mzazi: liwe kubwa, akulie ndani. Hatukatai, ila likipanuliwa kifuani sentimita 15, mabega huanguka, mkono unaingia kwenye uji, na ribu ya kiuno haishiki, kwa hiyo baridi inapita chini. Kwenye baridi ya Njombe mwezi wa sita, sweta la namna hiyo ni mapambo. Badala yake tunashauri kifua kiongezwe sentimita 4 tu juu ya zile 8, na urefu uachiwe nafasi ya kuongezwa. Kitambaa cha kufuma hufumuka kirahisi kutoka upande ulipomalizia, si ulipoanzia. Mkono ulioanzwa kifundoni kwenda begani haufumuki kwa kuanzia kifundoni. Utaukata, na ukiendeleza kwenda chini vitanzi vinahama nusu, kovu linabaki. Lakini tukishika vitanzi begani tukafuma kushuka, mwisho unakuwa kwenye ribu ya kifundo. Baada ya mwaka unaleta sweta, tunafumua ribu, tunaongeza sentimita 5, tunafunga tena. Omba hivyo wakati wa kuagiza, maana baadaye haiwezekani. Kisha chukua gramu 50 za uzi uliobaki, weka nyumbani. Utakuwa mpya kidogo kuliko sweta lililokwisha kupauka, ila loti ni ile ile.

Njia ya mkato inayopendwa siku hizi ni mitumba: nunua sweta kubwa la bei ya chini, mpelekee fundi alifumue, apate uzi. Wazo si baya, na uzi wa sufu halisi wakati mwingine hupatikana hivyo. Lakini kabla hujalipa, ligeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo safi, vitanzi vizima vimeunganishwa kwa uzi mmoja, litafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Ukiona ovaloki, yaani mshono wa mashine unaozungushia ukingo uliokatwa, liache. Hilo lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa, na kila safu itatoka kama kamba fupi ya nusu mita. Utarudi nyumbani na mfuko wa nyuzi za kujazia mto.

Hata lile zuri halipandi mashineni siku hiyo hiyo. Uzi ulioishi kwenye vitanzi kwa miaka una mawimbi. Lazima uzungushwe kuwa vitita vikubwa, uoshwe, utundikwe na uzito mdogo ukauke umenyooka, ukunjwe upya, na upitishwe kwenye kipande cha nta ya mshumaa ili uteleze. Ni kazi ya siku mbili kabla ya kitanzi cha kwanza, na tunaitoza. Mara nyingi jumla yake inazidi bei ya uzi mpya, na viwiko vinatoboka kwanza.

Ovaloki hiyo hiyo ndiyo jibu la swali la bei. "Stendi wanauza nusu yenu." Ni kweli. Yale mengi hukatwa kwenye kitambaa kilichofumwa kwa majora, yakashonwa kama fulana. Tazama kwapani. Sweta lililofumwa kwa umbo lina alama ndogo za vitanzi vilivyoegemea, vitanzi viwili au vitatu kutoka kwenye mshono, pale fundi alipopunguza kimoja kimoja. La kukatwa halina alama hizo. Vitanzi vimechinjwa pale pale kwenye mshono, na uzi wa ovaloki ukikatika, shimo linapanda juu. Kwa mtoto wa darasa la kwanza atakayelisahau uwanjani kabla ya Pasaka, la stendi linatosha kabisa, na hatutakulaumu. Kwa anayekwenda bweni miaka minne, hesabu nyingine.

Sweta la kifua cha sentimita 72 lina vitanzi zaidi ya 60,000. Kigari kinachopita juu ya sindano za mashine husukumwa kwa mkono zaidi ya mara 700, bado shingo, bado kuunga mabega kitanzi kwa kitanzi. Bei inatoka huko. Kianzio tunachodai ni gharama ya uzi wote, kwa sababu koni ya rangi ya shule yako ikikaa kwetu haina mnunuzi mwingine.

Kuhusu pasi, hapa tunaomba kwa unyenyekevu: akriliki isiguswe na pasi ya moto wala mvuke mwingi. Uzi huo ukipata joto kali hulegea moja kwa moja, ribu inakuwa kama kitambaa cha pazia, na hakuna fundi wa kuirudisha. Sufu nayo haipendi maji ya moto na kusuguliwa. Hujikaza, sweta la baba likamtosha mtoto. Yote mawili yaoshwe kwa maji ya baridi au vuguvugu, yakamuliwe kwa kubinywa ndani ya taulo, yatandazwe. Januari hapa ni mvua, sweta lililotundikwa kamba mabegani likiwa limejaa maji hurefuka hadi magotini kabla halijakauka.

Ratiba yetu basi. Shule zinazoagiza kwa pamoja, vipimo vyote vitufikie kabla ya tarehe 31 Oktoba. Uzi wa shule hizo tunaufuata Kariakoo wiki ya kwanza ya Novemba, mara moja. Mzazi mmoja mmoja, hadi mwisho wa Novemba. Wenye watoto waliomaliza darasa la saba mtasema shule haijajulikana, na majina ya kidato cha kwanza kwa kawaida hutoka Desemba. Sawa. Rangi isubiri, vipimo visisubiri. Mlete mtoto sasa tumpime, tuandike daftarini. Fomu ya kujiunga ikitoka, tupigie picha ule ukurasa wa sare: rangi, aina ya shingo, mistari mingapi, nembo ishonwe upande gani. Waandishi wa fomu wengine huandika "sweta la bluu" wakaishia hapo. Ukikutana na hiyo, tafuta mwanafunzi wa shule hiyo, omba sweta lake lililokwisha kuvaliwa, ulete. Rangi yake ya upya tutaitazama ndani ya mshono wa kwapa, ambako jua halijafika.

Baada ya tarehe 15 Desemba tunatanguliza marekebisho: viwiko, ribu, kurefusha mikono. Maagizo mapya yatakayoingia siku hizo yatatoka wiki ya tatu ya Januari, na tutakuandikia tarehe hiyo kwenye risiti.