Chuo cha Masista kisisahauliwe

Mhariri,

Wanaosimulia historia ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani, kule Washington, huanza na teolojia. Ualimu huambulia mstari mmoja. Si haki.

Mtaguso wa Tatu wa Baltimore, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Marekani, mwaka 1884, uliagiza kila parokia iwe na shule karibu na kanisa ndani ya miaka miwili. Kuta zilijengwa, walimu waliofunzwa wakakosekana: mtawa alitoka unovisi (malezi ya awali ya utawa) na kuingia darasani moja kwa moja.

Padre Thomas Edward Shields, profesa wa saikolojia na elimu, ndiye aliyeanzisha Chuo cha Masista mwaka 1911, ili watawa hao wafunzwe ualimu. Kwa nini kiwe pembeni ya chuo kikuu? Chuo kikuu chenyewe hakikuwapokea wanawake, ingawa (ajabu kweli) waliowafundisha walikuwa maprofesa wale wale.

Kasoro ilikuwa kwenye ratiba. Masista wengi walisoma likizo za kiangazi tu, majuma machache, kisha chaki mkononi tena. Kwa mwendo huo shahada moja iliweza kula miaka kumi na zaidi, na somo la Julai hii lilikuwa limeshapoa Julai iliyofuata ilipofika.

Wasomaji wako