Antena ya Jumamosi: tumehama mahali

Habari za jioni wanakikundi. Kazi ya kutundika antena ya redio ya waya mrefu ipo palepale, Jumamosi saa 3:00 asubuhi, ila sasa tunakutana Kigamboni, kwenye ule uwanja wenye miembe miwili mirefu. Kule tulikopanga mwanzo nyaya za umeme zinapita karibu mno na paa. Waya wetu ukiziangukia ni msiba.

1. Waya tutakata mita 16.2, siyo 20. Najua kuna wapenzi wa mita 20 humu 😄, lakini hiyo ni takriban nusu ya wimbi kwenye bendi ya mita 40 (masafa ambayo wimbi lake lina urefu wa kama mita 40). Ukinzani unapanda sana mwisho wa waya, na kwa transfoma yetu ya 9:1 (inashusha ukinzani mara 9 tu) tyuna, kile kifaa cha kulinganisha redio na antena, itahangaika bure. Anayeng'ang'ania mita 20 aje na transfoma yake ya 49:1, inayoushusha mara 49.

2. Mchango ni sh. 10,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku. Ni wa kamba, vihami na chakula cha mchana.

3. Hakuna kupanda mti. Tunarusha mshipi wa kuvulia samaki kwa manati, kisha huo mshipi unavuta kamba. Nani ana manati?

Kurusha mawimbi hewani ni kwa wenye leseni tu, wengine tutasikiliza. Radi zikianza, tunaahirisha.

Tafadhali jibu hapahapa "NIPO" au "SIPO", na utaje kifaa utakachobeba. Mita ya SWR (ya kupima kama nguvu inaingia kwenye antena au inarudi) bado haina mwenyewe!